Gari la kanisa limezeeka: tulitengeneze au tulibadilishe?

Tangu watu walipoanza kurudi makwao mwanzoni mwa 2025, makanisa kadhaa ya upande wa Sake yametuuliza neno moja: gari letu limezeeka, linakula pesa kila mwezi, je, tuendelee kulitengeneza au tutafute lingine? Sisi wa Mubambiro hatukuwa na jibu la kuwapa, maana swali hilo lilikuwa limelala mlangoni kwetu vilevile. Tumelifanyia kazi miezi sita. Tunaandika hapa yale tuliyoyaona, hata yaliyotuaibisha.

Gari lenyewe wengi wenu mnalijua. Ni Land Cruiser ya 1997, ile ndefu yenye viti vya nyuma vya kuketi mkitazamana, usukani kushoto. Tulilinunua kwa shirika moja lililokuwa linafunga kazi yake Goma, na tayari lilikuwa limetembea kilomita zaidi ya laki tatu. Februari 2024, vita vilipokaribia Sake, ndilo lililowapeleka Goma wazee, wajawazito na wagonjwa wetu, likienda na kurudi mchana na usiku, zaidi kidogo ya kilomita 20 kila upande. Kwa hiyo kuna watu kanisani hapa wasiotaka hata kusikia neno kuuza. Kwao hilo si chuma tu. Tunawaelewa, na sisi tunaoandika tumo miongoni mwao.

Lakini alfajiri moja ya Machi 2025 mama mmoja wa kanisa alishikwa na uchungu, na mkunga akaona mambo hayaendi vizuri, akasema apelekwe hospitali kuu ya Kirotshe. Tukampandisha garini. Tulipokwisha kupita Sake, kwenye kimlima kifupi cha matope, ambreyaji ikakata. Ambreyaji ndiyo ile ambayo ndugu zetu wa Uganda wanaiita klachi. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Vijana walisukuma hadi wakachoka. Mwishowe mama akaketishwa juu ya pikipiki, katikati ya dereva na shangazi yake, akaenda hivyo hadi hospitali. Mtoto alizaliwa hai na mama alipona, Bwana asifiwe.

Sasa tuseme ukweli. Tulijua kwamba ambreyaji ile inateleza. Dereva wetu alikuwa ametuambia mara mbili. Na mara zote mbili tulimjibu asubiri, kwa sababu tulikuwa tunafikiria kununua gari lingine, na hatukutaka kutupa pesa kwenye gari litakaloondoka. Gari jipya halikuwepo. Lilikuwa katika mazungumzo tu. Lakini hayo mazungumzo yalitosha kutufanya tuache kulitunza lile tulilokuwa nalo, na mama yule ndiye aliyelipa. Hii ndiyo hatari ya kwanza tunayotaka makanisa yaijue: si gari kuu kuu, wala si bei ya jipya, bali ule muda mrefu wa katikati ambapo hamjaamua.

Komite ilipokaa, maneno yalikuwa mengi. Mzee mmoja alitukumbusha Kumbukumbu la Torati 29, jinsi viatu vya Waisraeli havikuchakaa kwa miaka arobaini. Mama mmoja akamjibu kwamba jangwani hawakuwa na barabara ya kupanda Karuba wakati wa mvua. Tulicheka, kisha tukaona kwamba hakuna mmoja wetu, hata mwekahazina, aliyejua gari linatugharimu kiasi gani. Kila mmoja alikuwa na hisia yake. Basi tukakubaliana tusiamue chochote kwanza. Ambreyaji ikawekwa ile ya kuazima, okazio iliyokwisha kutumika, ili gari lisogee, na dereva akapewa daftari.

Daftari hilo lilikuwa na mistari mitano kwa kila safari: tarehe, kwa ajili ya nani, kilomita, mazuti iliyotiwa, na kitu kilichoharibika. Hakuna zaidi. Tulianza Aprili 1 tukafunga Septemba 30.

Pesa kwanza. Kwa miezi hiyo sita tulitia mazuti ya dola 1,320, tukalipa matengenezo dola 870. Kati ya siku 183, siku 38 gari lilikuwa limesimama garaji au limekaa kwenye mawe nyuma ya kanisa. Tulidhani hizo ndizo habari mbaya. Kisha mwekahazina akageuza kurasa na kuhesabu safari. Zilikuwa 112. Wagonjwa 17. Mazishi 9. Kutembelea makanisa madogo ya milimani 21. Mizigo ya waumini, yaani viazi, mbao na mabati, 24. Na safari 41 za mchungaji kwenda Goma kwa mikutano, barua na shughuli nyingine.

Mchungaji ni sisi. Tulinyamaza kidogo pale mezani. Kwa miaka mingi tumesimama mbele ya kanisa tukisema gari hili ni la wagonjwa, tukaomba sadaka kwa jina la wagonjwa, na daftari likaonyesha kwamba mgonjwa mmoja anapopanda, mchungaji amekwisha kupanda zaidi ya mara mbili. Gari halikuzeeka lenyewe. Tulilizeesha kwa safari ambazo basi dogo la kwenda Goma lingezifanya. Kwa hiyo kabla hamjauliza kama gari linafaa kubaki, andikeni kwanza linatembea kwa ajili ya nani. Inawezekana mnataka kununua gari la pili kwa ajili ya kazi ambayo la kwanza halikupaswa kuifanya.

Baada ya hapo ndipo tukaingia katika chuma.

Magari ya ukoo huu wa Land Cruiser yalianza kutoka kiwandani mwaka 1984 na bado yanatengenezwa, ndiyo maana vipuri vyake vinapatikana Goma hadi leo. Injini yetu ni ile inayoitwa 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ya mazuti, pampu yake ya kawaida isiyo na kompyuta. Hili si jambo dogo kwetu. Mazuti tunayopata huwa na maji na taka, mengine yamelala vidumuni siku nyingi. Injini mpya zenye kompyuta na sindano za msukumo mkubwa haziyavumilii mafuta ya namna hiyo, na zikikataa, fundi wa Sake mwenye spana na nyundo hawezi kuzisaidia. Injini ya zamani inalalamika, inatoa moshi, lakini inaenda.

Moshi nao una lugha yake, na inafaa kila mzee wa kanisa aijue kabla hajaenda kwa fundi. Moshi mweusi ni mazuti isiyoungua vizuri: mara nyingi ni chujio la hewa lililojaa vumbi, au sindano zimechoka. Hiyo hurekebishwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani, maana yake injini imelika, na huo ni ugonjwa wa gharama. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata joto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua pia kifuniko cha oili: ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, usisafiri. Moshi wetu ulikuwa mweusi. Chujio la hewa lilipotolewa tulikung'uta vumbi la kutosha kuota maharage.

Ila injini si kitu cha kwanza cha kuangalia. Cha kwanza ni shasi, kile kiunzi cha chini kinachobeba vyote. Injini hubadilishwa, ambreyaji hubadilishwa, resori na freni hubadilishwa. Shasi iliyopasuka au kuliwa na kutu ndiyo mwisho wa gari, hata kama injini inaimba. Barabara zetu za mawe ya volkano hupiga shasi kila siku, na ufa huanzia pale resori zinaposhikamana nayo. Yetu ilichomelewa mahali pamoja zamani, kabla ya vita. Fundi alipaosha kwa mazuti na brashi, akapatazama kwa tochi, akasema pameshika.

Neno moja kando hapa, kwa sababu vijana wengi wanafungua garaji kwenye njia ya Goma na Sake: msichimbe shimo la kuingia chini ya gari. Mnajua mazuku, ile gesi inayotoka ardhini upande wetu huu wa volkano. Ni nzito kuliko hewa, haina harufu wala rangi, nayo hukaa mabondeni na mashimoni. Mtu anaingia shimoni akiwa mzima na hatoki. Inueni gari juu ya mawe au magogo yaliyo imara, fundi alale juu ya ardhi tambarare.

Kuhusu mafundi, tulijifunza kutumia wawili. Wa kwanza tulimlipa dola 20 atazame tu na kuandika, tukimwambia wazi kwamba kazi hatapewa yeye. Wa pili ndiye wa kutengeneza. Yule asiyetazamia kazi hana sababu ya kuongeza magonjwa, wala ya kuyaficha. Orodha yake ilikuwa hivi: ambreyaji mpya kamili, resori za nyuma, freni za magurudumu yote, rulema mbili, na mkanda wa injini ambao hakuna aliyekumbuka ulibadilishwa lini. Kwa injini hii mkanda huo ukikatika unaweza kuua injini yote, kwa hiyo msipokumbuka, badilisheni. Jumla, pamoja na kazi, dola 2,400.

Wako wanaofundisha kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, uza. Kanuni hiyo inamfaa mtu aliye na soko la magari karibu na benki ya kumkopesha. Kwetu swali ni jingine: hizo dola 2,400 zitanunua siku ngapi za gari kuwa barabarani, na zikienda kwenye gari lingine zitanunua nini?

Basi tukatembelea wauzaji Goma. Land Cruiser kama letu, la miaka ya karibuni, tuliambiwa zaidi ya dola 20,000, tukashukuru tukaondoka. Tulichoweza hata kukifikiria ni RAV4 ya okazio, 2006, kwa dola 9,000. Safi, imeng'arishwa, viti vina nailoni. Na usukani kulia.

Hapo tuseme kidogo. Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kama Rwanda na Burundi. Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto, na Japani vilevile, ndiko mengi ya magari haya yanakotoka kupitia Mombasa na Dar es Salaam. Gari lenye usukani kulia, likiwa Goma, dereva wake anaketi upande wa mtaro. Akitaka kupita lori, hana macho; inabidi atoe nusu ya gari ndipo aone kinachokuja. Na kama ni basi dogo la namna hiyo, mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara, watoto wanashukia penye magari. Mmezoea kuyaona hayo kila siku, lakini kuyazoea hakupunguzi hatari.

Tuangalie pia umri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Uganda tangu 2018 imezuia kuingiza yaliyofika miaka 15. Kwa hiyo mkiambiwa gari limetoka tu Japani, msisome kioo cha kilomita, maana namba zile hurudishwa nyuma. Tazameni kibandiko kilichoshonwa chini kabisa ya mkanda wa kiti: mara nyingi kina mwaka wake. Tazameni ubavu wa mipira, kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, na mpira wa umri huo hata ukiwa na meno mazuri unapasuka. Pitisheni sumaku polepole juu ya mabati. Mahali isiposhika, chini ya rangi kuna udongo wa fundi, si chuma. Wagibeoni walimdanganya Yoshua kwa kuvaa viatu vilivyochakaa ili waonekane wametoka mbali. Wauzaji wa siku hizi wamegeuza mbinu hiyo kichwa chini miguu juu, lakini kosa la wazee wa Israeli ni lilelile letu: waliangalia, wakaridhika na walichokiona, hawakuuliza.

Kisha tukakaa na kalamu, kama yule mwenye kutaka kujenga mnara katika Luka 14. Hatutaficha: kwa hesabu tupu RAV4 ilishinda. Dola 9,000 na karatasi dola 700, likitumika miaka mitano na kuuzwa tuseme 4,000, linatugharimu dola 95 kwa mwezi. Ongeza 50 za matengenezo, 145. Letu: dola 2,400 za sasa na kama 900 kila mwaka kwa mambo madogo, kwa miaka miwili inakuwa 4,200, yaani dola 175 kwa mwezi. Wazee vijana walituambia, mnaona?

Tuliona. Lakini hesabu ya mwezi haionyeshi kwamba dola 9,700 zinatakiwa siku moja, mkononi. Benki za Goma zilifungwa mwisho wa Januari 2025, na akiba ndogo ya kanisa imo ndani. Kukopa kwa mfanyabiashara ni kumpa gari kabla hatujalipanda. Na kuwaomba waumini wakati huu, wakati wengi walirudi wakakuta nyumba haina mlango wala bati, hatukupata mdomo wa kusema hivyo. Pia mgonjwa hawezi kulala ndani ya RAV4 na watu wawili wa kumshika, wala RAV4 haipandi Karuba mwezi wa Aprili. Kanisa lililo mjini Goma, lenye wagonjwa walio dakika kumi kutoka hospitali, lingepiga hesabu hii hii likaamua kinyume, na lingekuwa sawa.

Tukaamua kulibakiza. Lakini si kulibakiza kama zamani. Katika kitabu cha kanisa imeandikwa kwamba gari litabaki miaka miwili, hadi Oktoba 2027, isipokuwa ule ufa wa shasi ufunguke tena kabla. Ukifunguka, hatuchomelei mara ya pili, tunaliuza kwa vipande. Tumeandika hivyo tukiwa tumetulia, kwa sababu tunajijua: siku hiyo ikifika mtu atasimama na kukumbusha Februari 2024, na sote tutalia na kuchomelea.

Mchungaji anakwenda Goma kwa basi dogo. Kiti chake si cha mbele, na mara mbili tumesafiri na mbuzi miguuni, lakini tumefika. Mizigo ya viazi imerudi kwa chukudu na pikipiki. Mwenye mbao au mabati mengi na hana njia nyingine analipa kwa kilomita, na bei imebandikwa ukutani. Juu ya mazishi hatujapatana. Wengine wanasema marehemu hachagui gari, wengine wanasema familia iliyofiwa isiachwe njiani. Kwa sasa gari linaenda kwenye mazishi.

Kuhusu pesa tulifuata 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliagiza nyumba ya Bwana itengenezwe kwa pesa zilizokuwa zikiletwa, na mwaka wa 23 wa utawala wake makuhani walikuwa hawajatengeneza kitu. Maandiko hayasemi kwamba waliiba. Pesa zilikuwa zinapita katika mikono ileile iliyokuwa na matumizi mengine mengi. Kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Pesa zikahesabiwa na watu wawili, wa mfalme na wa hekalu, zikakabidhiwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Nasi tumetengeneza sanduku la gari. Halichanganywi na fungu la kumi, na mchungaji hana ufunguo. Lina kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwekahazina, wa pili kwa mama yule aliyefika Kirotshe kwa pikipiki. Alipoombwa, alisema atakubali akionyeshwa kwanza daftari. Akalisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, mtoto akiwa mgongoni, akauliza kwa nini safari ya Juni 14 haina sababu iliyoandikwa. Ilikuwa yetu. Tukaijaza mbele yake.

Ambreyaji mpya na resori zimekwisha kuwekwa. Freni zinamaliziwa wiki hii. Rulema moja iliyoletwa haikuwa ya gari letu, imerudishwa Goma, tunaingoja Alhamisi. Hadi hapo namba za wenye pikipiki watatu waliokubali kubeba wagonjwa usiku zimebandikwa kwenye mlango wa kanisa na kwa mkunga.